Foleni Chumbani kwa Mamamkwe

Jumatatu, 3 Novemba 2025. Matisi, Kitale.

Leo nimeaibika nikiwa nimeketi tu. Nilikuwa dukani namenya waya wa kamera ya mteja. Simu ikalia. Aibu ikaingia.

Niandike kwa mpangilio, maana Joan, mke wangu, anasema hadithi zangu huanzia katikati. Mama yake, Mwalimu Roselyne, alipatwa na kiharusi mwezi wa nane nyumbani kwake karibu na Kibabii, kule Bungoma. Mkono wa kulia umelala. Mguu unajaribu. Maneno yaliondoka yote. Akili iko palepale, unaiona machoni ikikutazama, lakini mdomo haupati njia. Mwanamke aliyefundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma kwa miaka thelathini na moja!

Simran ni mtaalamu wa matamshi hapa Kitale. Humfundisha Mama kwa video Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa sababu safari moja ya kuja huku humchosha Mama siku mbili. Intaneti ya masomo hayo niliileta mimi. Nani mwingine? Makokha, fundi wa kamera na waifai, miaka kumi na miwili kazini! Wakoli, karani wa kaunti aliyemwoa Lenah, dada yake Joan, alileta kiti cha magurudumu. Kila mgeni huonyeshwa kiti. Sijasikia mgeni aliyeonyeshwa intaneti.

Masomo yamekuwa yakisuasua, na leo limevunjika kabisa. Simran alisema "ma". Mama akajikaza, akatoa "ma". Lakini sauti yake ilichelewa njiani. Simran akadhani amenyamaza, akarudia. Marudio yakamfikia Mama wakati ameshasema, naye akadhani amekosea. Akasema tena. Wakagongana hivyo robo saa. Mwishowe Mama akailaza simu kifudifudi kwa mkono wake wa kushoto, akageukia ukuta. Lenah ndiye anayemtunza, na ndiye aliyetupigia.

Simran naye alimpigia Joan. Alisema kwa upole kwamba miezi hii ya kwanza ndiyo yenye nguvu, na mgonjwa akishaamini hawezi, kumwaminisha tena ni kazi kubwa. Mambo yakiendelea hivi, heri masomo yasimame.

Joan hakunilaumu. Aliangalia tu vyeti vyangu ukutani. Viwili.

Nina mpango.

Jumanne, 4 Novemba

Mpango: kifurushi kikubwa! Laini ya kwa Mama hutoka mnarani, huingia kwenye kisahani juu ya paa, halafu waya hushuka hadi kwenye rauta, kile kisanduku kinachogawa waifai. Nimeipigia kampuni, nikaomba spidi mara nne ya ile ya kwanza. Fundi hakuhitaji hata kuvaa viatu. Walibonyeza huko huko kwao, mara moja.

Nilimwomba Lenah apime. Namba ikaruka kama mbuzi aliyekata kamba! Nikaipiga picha, nikaituma kwenye kikundi cha familia na maneno haya: "Kazi imekamilika. Kesho Mama atasoma bila tatizo." Watu kumi na wanne waliona. Wakoli alijibu kwa kidole gumba kimoja.

Kidole kimoja! Kwa kiti chake tuliandika aya nzima nzima.

Jumatano, 5 Novemba

Joan nami tuliungwa kwenye somo kwa simu yetu, na picha ilikuwa safi kama kioo. Tukaona vizuri zaidi jinsi Mama anavyolia.

Ucheleweshaji uko vilevile. Spidi mara nne, na "ma" bado inatembea kwa miguu kutoka Kibabii hadi Kitale. Sielewi. Nimezima simu kidogo, nikaiwasha. Bado sielewi.

Wakoli ameandika kwenye kikundi kwamba tusimlaumu mtu, kila mmoja anajaribu kwa uwezo wake. Nimeisoma mara tano. Kila mara inauma mahali tofauti.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemtembelea Simran. Chumba chake kiko juu ya duka la spea la baba yake, Bwana Gurcharan, mjini. Nilienda nikiwa nimevaa tai.

Aliniambia kitu ambacho bado kinazunguka kichwani. Alisema wewe na mimi tukiongea na sauti ichelewe, tunasubiriana, tunasameheana. Lakini mtu anayetafuta neno hulishikilia kwenye uso wa mwenzake. Akisema "ma", uso ule lazima umjibu papo hapo, kwa jicho, kwa tabasamu, kabla neno halijapoa. Sekunde mbili kwake ni kama mlango uliofungwa.

Sikuwahi kufikiria sekunde mbili kama kitu kikubwa. Mimi huwaambia wateja "nakuja saa hii" na kufika kesho.

Halafu akaharibu. Akasema pale chini, kwenye kona ya duka la baba yake, kuna msichana hodari sana wa rauta, anaitwa Chemutai, alisomea chuo cha Kibabii, kwa nini nisimuulize?

Chemutai! Namjua Chemutai. Ametoka Mlima Elgon na kompyuta moja, na tayari nusu ya wateja wangu wa Matisi wako kwake. Ndiye aliyemwambia mteja wangu kwamba antena tatu nilizomwekea hazijaunganishwa na kitu. Ni kweli hazikuwa zimeunganishwa. Lakini zilimpa moyo.

Nikamwambia Simran asijali, shida nimeshaiona. Ni kisahani. Kimepinda.

Jumamosi, 8 Novemba. Kibabii.

Siku mbaya.

Lazima nieleze jambo moja. Rauta ya Mama iko chumbani kwake, karibu na kitanda. Waliofunga waliuliza kwa simu waweke wapi, nami nikajibu popote penye soketi. Sasa kwetu Wabukusu mkwe haingii chumba cha kulala cha mamamkwe. Hata mkono hampi! Miaka kumi na saba ya ndoa, mimi na Mama tumesalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia mti wake. Kwa hiyo rauta niliyoileta mwenyewe, sijawahi kuigusa.

Lakini paa si chumba. Nikapanda.

Niliamua kisahani kinatazama kushoto sana. Nikakisukuma kulia kwa bega. Lenah akapaza sauti kutoka ndani kwamba intaneti imepotea. Nikakirudisha kushoto. Akasema bado imepotea. Nikakipandisha kidogo. Akasema, "Shemeji, sasa hata taa yake imezima!"

Hapo Wakoli akafika na mkungu wa ndizi. Akasimama uani, akaniangalia kwa muda, akauliza kwa adabu sana kama nahitaji mtu wa kushika ngazi.

Nilipogeuka kumjibu, nikakutana macho kwa macho na Mama, aliyekuwa amesukumwa kwenye kile kiti hadi uani apate jua. Heshima ikanishika. Nikajifunika uso kwa kofia. Mtu juu ya paa la mabati asijifunike uso. Niliteleza hadi kwenye mfereji wa maji, nikabaki nimening'inia kwa kiwiko. Wakoli alishika ngazi.

Fundi wa kampuni alifika alasiri, akarudisha kila kitu kilivyokuwa. Aliuliza nani alikigusa. Wote waliangalia ndizi.

Jumatatu, 10 Novemba. Kitale.

Leo hakukuwa na somo. Mama alikataa kugeuzwa kuelekea simu. Simran amesema watajaribu Jumatano, na isipowezekana, basi wapumzike hadi mwaka ujao. Joan aliniambia hayo akiwa anaosha vyombo, mgongo kwangu. Akasema Mama anaanza kusahau kujaribu.

Nimeenda kwa Chemutai.

Nilijifanya naulizia rafiki. Nikasema rafiki yangu ana spidi kubwa sana lakini sauti inachelewa. Hakucheka. Aliuliza kama inachelewa muda wote ama wakati laini ina kazi. Nikasema rafiki hajui. Akaniuliza kama rafiki ana mamamkwe anayefundishwa na Simran.

Nikakaa kwenye benchi.

"Mzee Makokha, hiyo si shida ya spidi. Ni foleni."

Halafu akaniambia hivi. Nifikirie nimeenda kwenye kinu cha kusaga na gorogoro moja ya mahindi, mkebe wa kilo mbili tu. Mbele yangu kuna lori tatu zimejaa. Mahindi yangu ni ya dakika moja tu, lakini nitasubiri hadi jioni. Nikasema mwenye kinu anunue mashine kubwa. Akasema, "Si ndio umefanya? Na bado uko nyuma ya lori." Alieleza kwamba sanduku nyingi za intaneti, rauta zenyewe, zimetengenezwa zikiwa na ua mkubwa sana wa kusubiria. Watengenezaji waliona huruma kutupa chochote, basi kila kinachokuja hupokelewa na kupangwa nyuma ya kingine, hata kama ua umejaa. Neno la Mama ni gorogoro. Liko ndani ya kisanduku kile, limesimama, linangoja zamu.

Limesimama! Ndani ya kisanduku! Mimi siku zote nilidhani liko hewani, linakuja polepole.

Nikauliza dawa. Akasema ni mtu mwerevu wa kusimama mlangoni. Lori zipange mstari wao, gorogoro zipange wao, na yeye achukue kidogo hapa, kidogo pale, kwa zamu. Anayeleta zaidi ya uwezo, mzigo wake unatupwa kidogo ili ajue apunguze mwendo. Na mtu huyo ni programu tu. Inaingia kwenye rauta kuukuu kama ile aliyokuwa ameishika, yenye ukubwa wa kipande cha sabuni.

Niliiangalia sana. Chai aliyonipa ikapoa. Ndani ya kipande cha sabuni kuna mtu mwadilifu anayepanga foleni mara maelfu kwa sekunde, na hapokei hongo! Kitale hii hatujawahi kuwa naye.

Jumanne, 11 Novemba

Baada ya kulala na kuamka, mshangao umepungua, akili imerudi. Mpango: Chemutai anipe kisanduku, mimi nikakifunge peke yangu. Kwa nini jina liende kwake?

Alikubali bila shida, na hilo liliniudhi. Aliniandikia hatua kwenye karatasi. Hatua ya kwanza: ingia chumbani, chomoa waya wa kutoka paani.

Ingia chumbani!

Nikampigia Lenah nikamwambia nitasimama nje ya dirisha, nimpe maelekezo, yeye achomeke. Lenah akajibu kwamba baada ya Jumamosi hagusi chochote nitakachomwelekeza, na kama naweza nisilete hata ngazi.

Basi Chemutai anakuja nami kesho. Nimewaandikia kikundi kwamba nitafika na msaidizi wangu.

Jumatano, 12 Novemba. Kibabii.

Ninaandika haya nikiwa bado na udongo kwenye viatu. Sitaki kupoteza hata kidogo.

Tulifika saa nne. Wakoli alikuwa ameshafika, ameomba ruhusa kazini, naye kwa kuwa ni mkwe kama mimi aliketi sebuleni, nje ya mlango wa chumba. Chemutai alimsalimu Mama kwa mikono miwili, akaomba ruhusa kuketi karibu na kitanda, akafungua kompyuta. Mimi nilisimama nje, chini ya dirisha, mgongo kwa ukuta, nikiangalia mti wangu. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kila kitu.

Kwanza alipima muda wa ujumbe kwenda na kurudi. Alisoma kwa sauti: elfu moja mia tisa. Akaeleza kwamba ni sehemu za elfu za sekunde, yaani karibu sekunde mbili kamili. Akasema kifurushi kipya kiliongeza njia ya kuingia tu, ile ya kutoka ilibaki nyembamba vilevile. Nikakumbuka kwamba kwenye simu na kampuni sikuuliza hayo. Nilisema tu "kubwa".

Halafu akasema, "Kuna vitu vitatu hapa vinatuma video mchana kutwa. Hizi ndizo lori. Ni za nani?"

Lenah akauliza kama zinaweza kuwa kamera.

Kamera. Mwezi wa tisa nilimfungia Mama kamera tatu, zawadi, ili kiti cha Wakoli kipate mwenzake. Moja langoni. Moja kwa kuku. Moja kwa ng'ombe, ya picha safi kabisa, ili niweze kumwona nikiwa Kitale. Zinatuma kila kitu, hata kama ng'ombe amelala.

Kwa hiyo wiki hizi zote Mama alikuwa anatafuta neno moja kwa jasho, analipata, analisema. Na neno linaenda kusimama nyuma ya ng'ombe wangu anayecheua.

Nilishika ukuta. Nilingoja Wakoli aseme kitu. Angeweza. Ningekuwa mimi ningesema! Yeye alikohoa tu, akauliza kama azime kamera.

Chemutai akasema hapana, ziacheni. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Akachomeka kile kisanduku kati ya kisahani na rauta. Akasema sasa anapunguza spidi kidogo chini ya uwezo wa laini, ili foleni ijikusanye mahali anapoiona. Nikapaza sauti dirishani kwamba hapana, tunataka iongezeke! Akajibu, "Ngoja tu, mzee."

Akapima tena. Kamera zote tatu zikiwa zinaendelea. Kuku, ng'ombe, lango.

Thelathini na nane.

Nilimwomba arudie. Thelathini na nane. Kutoka elfu moja mia tisa! Hakuna waya mpya. Hakuna mnara mpya. Spidi imepunguzwa! Ni zamu tu. Ni kupanga zamu tu! Nimefanya kazi hii miaka kumi na miwili na sikujua kwamba ndani yake kuna haki na dhuluma.

Saa tano Simran akapiga. Lenah alimgeuza Mama kuelekea simu. Nilisikia Simran akisema "ma". Nilishika pumzi.

"Ma."

Na papo hapo, kabla sijatoa pumzi, sauti ya Simran ikicheka kwa furaha. Papo hapo! Kama watu wawili kwenye kochi moja. Akasema "ma" tena, Mama akajibu "ma". Simran akasema "ji". Ukasikika mdomo ukitafuta. Simran hakuingilia, maana sasa alimwona anatafuta. Halafu: "Ji." Halafu, peke yake, bila kuombwa: "Ma-ji."

Lenah alianza kulia. Wakoli alitoka nje akasimama karibu nami, akapenga kamasi kwa leso yenye nembo ya kaunti. Hatukuangaliana.

Somo lilipita nusu saa. Mama alidai tena na tena, akimgongea Simran meza kama alivyokuwa akigongea darasa. Maji. Mama. Moto. Maneno yakatoka yamechakaa, yamepinda, lakini yametoka. Mimi nilisahau adabu yote. Niligeuka, nikachungulia dirishani na kofia mkononi, mdomo wazi.

Mama akaniona.

Alinyoosha mkono wa kushoto. Alitafuta muda mrefu. Sote tulingoja, hata Simran kule Kitale alingoja.

"Ma-ko-kha," akasema. "To-ka… kwa… ma-ua."

Nikaangalia chini. Nilikuwa nimesimama katikati ya waridi zake.

Sentensi nzima! Ya kwanza tangu mwezi wa nane! Na ndani yake kuna jina langu, si la Wakoli. Nilitoka kwa maua nikilia kwa sauti.

Alhamisi, 13 Novemba. Kitale.

Nimeenda kumuuliza Chemutai nani anauza programu ile, nizungumze naye mapema. Akasema hakuna anayeiuza. Watu wengi wa nchi nyingi waligundua tatizo hili, wakabishana, wakapima, wakaandika, wakajaribu tena kwa miaka, halafu wakaiacha wazi mtu yeyote aichukue. Kwa nini? nikauliza. Alifikiria. Akasema labda nao walikuwa na mtu wa kuongea naye.

Nimekaa dukani asubuhi nzima nikiwaza hilo. Mtu ambaye hajawahi kusikia Kibabii aliketi mahali, akahesabu ni muda gani neno linaweza kusubiri kabla halijaumiza. Na kazi yake ikasafiri hadi ikamfikia mwalimu mmoja mstaafu na waridi zake. Sijui nimshukuru nani. Nimesema asante kwa ukuta.

Kwenye kikundi niliandika: "Tumefaulu." Joan, mke wangu mwenyewe, akaandika chini yake: "Asante sana Chemutai." Watu kumi na wanne wakaweka mioyo. Wakoli aliweka mitatu.

Ijumaa, 14 Novemba

Nilikuwa na wazo. Sidhani lilikuwa baya.

Kama kupunguza spidi kidogo kulileta maajabu yale, kuipunguza sana kutaleta nini? Neno la siri la kisanduku nilikuwa nalo, nililisikia dirishani. Saa nne, kabla ya somo, nikaingia kwa simu kutoka hapa hapa Kitale. Nikapunguza hadi sehemu moja ya kumi.

Saa tano Mama alionekana kwa Simran kama vipande vinne vya kahawia. Sauti yake ilitoka kama ya mtu ndani ya pipa.

Chemutai aligundua kwa dakika sita. Hakunigombeza. Alirejesha kila kitu, somo likaendelea, na Mama leo amesema "chai" na "sukari". Ndipo akabadilisha neno la siri. Joan amelijua. Lenah amelijua. Wakoli analijua! Nimeuliza herufi ya kwanza tu. Wamekataa.

Alhamisi, 20 Novemba. Matisi.

Siku njema kupita zote. Mama amenipigia simu ya video mwenyewe. Mimi! Mkwe! Nilisimama wima dukani, nikavua kofia, nikaangalia pembeni kwa heshima, nikamwangalia kidogo kwa jicho moja. Ameketi uani. Uso unang'aa. Simran anasema sasa anafikisha sentensi za maneno matano, na jana alimsahihisha Simran Kiswahili chake.

Akasema polepole, neno kwa neno, na kila neno likifika lingali moto: pampu ya kisima inalia vibaya. Niliuliza inalia namna gani. Akaiiga. Joan alicheka hadi akaketi.

Halafu Mama akasema, "Makokha. Usiguse. Fundi anakuja Jumatatu."

Lile "usiguse" lilinifikia papo hapo. Halikuchelewa hata chembe! Nimelisikia wazi kama vile amesimama mbele yangu. Hakika sayansi ni kitu kikubwa.

Jumatatu. Hiyo inaniachia Ijumaa, Jumamosi na Jumapili nzima.